Mama mkubwa kaficha viatu

Najua nimewatelekeza karibu mwezi mzima, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeoa au nimefukuzwa kazi. Hapana kwa yote mawili. Nilikuwa na mgonjwa, na huo ugonjwa ndio ulionipeleka kwenye haya ninayoandika leo.

Baba yangu mkubwa, mwalimu mstaafu anayeishi Tabata, alipatwa na mshtuko wa moyo. Tunashukuru aliwahishwa hospitali, akalazwa siku kadhaa, akaruhusiwa. Siku ya kutoka daktari alitupa vitu viwili: karatasi ya dawa, na maagizo ya kutembea. Siku za kwanza atembee ndani ya nyumba, dakika tano tano, mara kadhaa kwa siku. Kisha mpaka getini. Kisha mpaka duka la kona, na kuendelea. Kifua kikibana, pumzi ikikata au akisikia kizunguzungu, asimame hapo hapo na arudishwe hospitali. Basi. Karatasi ya dawa iliheshimiwa kama msahafu. Maagizo ya kutembea yalifia njiani, mahali fulani kati ya hospitali na Tabata.

Mama mkubwa alificha viatu vyake. Si utani. Viatu, kandambili, hata zile raba za zamani. Mzee akawa mtu wa kitandani. Uji analetewa, maji ya kunawa analetewa, rimoti ya televisheni inashikwa na mjukuu. Wageni nao, mnawajua wageni wa Kiswahili, kila anayeingia anasema, "Pole mwalimu, pumzika, usijisumbue." Na kusema ukweli, kama mgonjwa wa moyo angewafungulia geti mwenyewe, wangesema hakuwa anaumwa, alitaka tu kuonewa huruma.

Nilipojaribu kuuliza kuhusu kutembea, mama mkubwa alinitazama kwa macho ambayo hayahitaji tafsiri. Nisieleweke vibaya, huyu mama si wa kubabaisha. Alikuwa muuguzi, alianza kazi miaka ya 1970. Akaniambia, "Mwanangu, sisi tulifundishwa. Mgonjwa wa moyo hasogezwi." Nikanyamaza. Mimi ni mwandishi wa habari, digrii yangu si ya udaktari. Lakini lile neno "tulifundishwa" lilinikaa kichwani. Nani aliwafundisha? Na huyo aliyewafundisha alifundishwa na nani? Nikaanza kusoma usiku, na nilichokuta ni kisa kirefu kuliko nilivyotegemea.

Kwanza, mama mkubwa hakubuni. Mwaka 1912 daktari mmoja wa Chicago, James Herrick, aliandika kwamba mtu anaweza kuzibwa mshipa wa moyo na asife pale pale. Leo hilo linaonekana dogo, ila wakati ule wengi waliliona tukio hilo kama hukumu ya kifo. Sasa kama mtu anaweza kupona, afanyiwe nini? Herrick alishauri alazwe kitandani, atulie kabisa, kwa siku kadhaa. Kadiri miaka ilivyokwenda zile siku zikawa wiki. Mwaka 1939 madaktari watatu wa Boston, mmoja wao akiwa Paul Dudley White, walichapisha uchunguzi wa mioyo 72 ya watu waliokwisha kufariki, wakitazama kidonda cha moyo kinachukua muda gani kugeuka kovu. Jibu lilikuwa ni wiki kadhaa, na vidonda vikubwa hadi miezi miwili.

Ukisoma hivyo, hitimisho linajileta lenyewe. Kidonda kinapona kwa wiki sita, basi mgonjwa alale wiki sita. Mfupa ukivunjika si unafungwa ukae kimya? Moyo nao ulalishwe. Na hakuwa analala kama wewe unavyolala Jumapili. Alilishwa na muuguzi, haruhusiwi kukaa wima, na haja anaimalizia kitandani. Hapo nikaanza kumwelewa mama mkubwa. Desturi aliyoipokea ilikuwa na hoja ndani yake, na hoja yenyewe ilitokana na uchunguzi wa kweli. Tatizo ni kwamba waliupima moyo uliotolewa kifuani. Mwili mwingine wote, ule uliokuwa umelala juu ya godoro wiki sita, haukuulizwa chochote.

Imani hii ya kitanda ilikuwa na mizizi mirefu zaidi ya moyo. Mwaka 1863 daktari mpasuaji wa London, John Hilton, alitoa kitabu maarufu kilichojengwa juu ya wazo kwamba pumziko ni tiba ya majeraha. Huko Philadelphia, Silas Weir Mitchell aliwalaza wanawake waliosemekana kuwa na "udhaifu wa neva" kwa wiki nyingi, wananyweshwa maziwa, wakati mwingine bila ruhusa ya kusoma wala kuandika. Mwandishi Charlotte Perkins Gilman alipitia tiba hiyo mwaka 1887, ikamkaribisha kwenye wazimu, na mwaka 1892 akachapisha hadithi fupi ya mwanamke anayefungiwa chumbani mpaka akili zinamruka. Tuyaache hayo, maana yanataka makala yake.

Aliyenifurahisha zaidi ni Mwingereza mmoja, Richard Asher. Mwaka 1947, katika jarida la chama cha madaktari wa Uingereza, aliandika makala ya kurasa chache kuhusu hatari za kwenda kulala kitandani. Akapita kiungo kwa kiungo: damu inaganda kwenye mishipa ya miguu, ngozi inaota vidonda, misuli inanyauka, mifupa inapoteza madini, tumbo linafunga, mapafu yanajaa makohozi, na mwisho mtu mwenyewe anakata tamaa. Kisha akahimiza wagonjwa wainuliwe kitandani kabla kitanda hakijawamaliza. (Kwa wapenzi wa muziki wa zamani: huyu ndiye baba yake Jane Asher, yule binti aliyekuwa mchumba wa Paul McCartney wa Beatles. Nimekuwa nikitafuta pa kuiweka hii habari.)

Asher hakuwa peke yake, maana vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha kufundisha wengi. Hospitali zilijaa askari majeruhi, vitanda havitoshi, na waliolala sana walikuwa wanachelewa kupona. Kwenye hospitali ya jeshi mjini Chicago, daktari kijana Thomas DeLorme aliwapa askari walioumia magoti vyuma vya kunyanyua, uzito ukiongezwa taratibu kadiri mguu unavyopata nguvu. Mwaka 1945 akachapisha matokeo yake. Kilichonigusa ni kwamba DeLorme mwenyewe alipokuwa kijana aliugua homa ya baridi yabisi, ikamlaza miezi kadhaa, na madaktari wakamkataza kazi nzito. Yeye akaanza kunyanyua vyuma.

Sasa tuje Boston, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kulikuwa na daktari bingwa wa moyo aitwaye Samuel Levine. Alizaliwa Poland, akaletwa Marekani akiwa mtoto, akauza magazeti mitaani, na chama cha wauza magazeti ndicho kilichompa ufadhili wa kusoma Harvard. (Mnaona? Magazeti yana faida zake, ingawa mshahara wangu hausemi hivyo.) Levine alianza kuamini kwamba kitanda kinawaua wagonjwa wa moyo. Mtu akilala chali, damu nyingi zaidi inarudi kifuani na kumzidishia mzigo moyo ambao tayari umechoka. Na damu iliyotuama miguuni inaganda, kipande kinachomoka, kinapanda mpaka mapafuni, na mtu anakufa ghafla wiki ya tatu wakati ndugu wameshaanza kununua soda za kumpokea nyumbani.

Dawa yake ilikuwa kiti. Kiti tu, chenye mikono. Mgonjwa anainuliwa siku za mwanzo, anakalishwa, miguu inaning'inia, kila siku muda unaongezwa. Kazi ya kusimamia jaribio alimpa kijana wake, Bernard Lown, mzaliwa wa Lithuania. Lown alikuja kusimulia baadaye kwamba madaktari wenzake pale hospitalini walikasirika mno, wengine wakampokea kwa saluti ya Kinazi, kana kwamba anafanya majaribio ya kuwaua wagonjwa. Yeye, Myahudi, miaka michache baada ya vita! Lakini wagonjwa 81 walikalishwa vitini, na yale maafa yaliyotabiriwa hayakutokea. Mwaka 1952 matokeo yakachapishwa. Lown aliendelea na mambo makubwa, ikiwemo kuasisi umoja wa madaktari dhidi ya silaha za nyuklia uliopata Nobel ya amani mwaka 1985, na alifariki 2021.

Halafu ikatokea bahati mbaya iliyoitangaza hoja hii kuliko jarida lolote. Septemba 1955, Rais Eisenhower alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa Denver. Daktari bingwa aliyeitwa alikuwa nani? Paul Dudley White, yule yule wa ile mioyo 72. Eisenhower alikaa hospitali karibu wiki saba, lakini Oktoba tayari alipigwa picha akiwa kwenye kiti cha magurudumu, anatabasamu. White, ambaye mwenyewe alikuwa mwendesha baiskeli, aliwaeleza Wamarekani kwamba rais anaweza kurudi kazini na hata kucheza gofu. Mwaka uliofuata rais akagombea tena na akashinda. Mimi hapo nilisimama kidogo kusoma. Mtu aliyesaidia kujenga hoja ya kitanda ndiye aliyesimama mbele ya dunia nzima kumtoa mgonjwa kitandani. Wangapi kati yetu tunaweza?

Ila mpaka hapo walichojua ni kwamba kiti kinashinda kitanda. Kwa nini mwili unadhoofu hivyo ukilala, na unadhoofu kiasi gani, halikuwa na jibu la namba. Jibu lilikuja mwaka 1966 huko Dallas, Texas, na hapa nawaomba mvumilie maana ndicho kisa chenyewe.

Watafiti wa chuo cha tiba pale Dallas, akiwemo Bengt Saltin kutoka Sweden, walichukua vijana watano wa miaka ya ishirini, wazima kabisa. Watatu walikuwa watu wa kawaida wasio na mazoezi, wawili wanamichezo. Wakawalaza kitandani siku 20. Hawakuruhusiwa kukanyaga chini, hata chooni walipelekwa kwa kiti cha magurudumu. Baada ya hapo wakawapa mazoezi makali, hasa ya kukimbia, kwa karibu miezi miwili. Wakati wote walipimwa: moyo unasukuma lita ngapi za damu kwa dakika, mapafu na misuli vinatumia oksijeni kiasi gani mtu akikimbia mpaka mwisho wa uwezo wake.

Baada ya siku 20 tu, uwezo wao wa kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Vijana! Hawakuumwa, hawakukosa chakula, walilala tu. Kiasi cha damu kinachotoka moyoni kwa kila pigo kilipungua, hivyo moyo ukalazimika kupiga haraka zaidi hata mtu akiwa amepumzika. Mazoezi yalipoanza, wote walirudi, na wale watatu wasio na mazoezi walipita pale walipokuwa mwanzo kwa karibu theluthi. Wanamichezo ndio waliochukua muda mrefu zaidi kurudi kwenye hali yao, maana walikuwa na kingi cha kupoteza.

Kinachotokea ni hivi, kwa jinsi nilivyoelewa. Mwili ni kama bwana shamba bahili: halipi gharama ya kitu kisichotumika. Ukilala, siku chache tu za mwanzo maji ya damu yanapungua, kwa kuwa hakuna haja ya kupambana na kani ya uvutano inayoivuta damu miguuni. Damu ikipungua, moyo haujai vizuri, na moyo usiojaa unasukuma kidogo. Ukiendelea kulala, moyo wenyewe unasinyaa, kwa sababu nao ni msuli. Vipimo vya baadaye pale pale Dallas vilionyesha kwamba wiki sita za kitanda zinaupunguza uzito wa chumba kikuu cha moyo kwa takriban asilimia 8. Wiki sita, ndizo zile zile walizokuwa wakipewa wagonjwa ili moyo "upone"!

Na ukitembea, ukikimbia, ukapanda ngazi, kila kitu kinageuka. Damu inaongezeka, moyo unajaa na kutanuka, kila pigo linatoa zaidi, hivyo mapigo yanapungua ukiwa umetulia. Ndani ya misuli kuna vijitanuri vidogo vinavyochoma chakula kwa oksijeni, wataalamu wanaviita mitokondria. Mwaka 1967 John Holloszy wa St. Louis aliwakimbiza panya kwenye mashine kwa wiki kadhaa, akakuta uwezo wa vijitanuri hivyo umekuwa kama mara mbili. Kabla ya hapo wengi walidhani faida ya mazoezi iko kwenye moyo na mapafu tu. Kumbe hata msuli wa paja unajenga jiko jipya.

Wakati Boston wanabishania viti, London daktari Jerry Morris alikuwa anahesabu mabasi. Alilinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa na makonda wao. Dereva amekaa kutwa, konda anapanda ngazi kati ya 500 na 750 kwa siku. Mwaka 1953 akachapisha kwamba makonda wanaugua moyo kidogo kuliko madereva, na wakiugua, hawafi ghafla kama wao. Mimi kama mwandishi nampenda Morris kwa kilichofuata. Yeye na wenzake walienda kutazama vipimo vya viuno vya suruali za sare, wakakuta madereva walikuwa wanene zaidi tangu siku wanaajiriwa, na mwaka 1956 wakayachapisha hayo wenyewe. Yaani labda si ngazi pekee. Ikabidi arudi kutafuta ushahidi mwingine, kwa watu wengine, miaka mingi. Wahariri wangapi wangekubali habari ya pili inayoitikisa ya kwanza? Morris alifariki 2009, akiwa na miaka 99.

Sasa sehemu iliyonifanya nifunge kompyuta saa nane usiku nikakaa gizani. Mwaka 1996 watafiti wa Dallas waliwatafuta wale vijana watano. Wote walikuwa hai, wana miaka 50, vitambi vimetoka, uzito umepanda kwa wastani wa robo. Wakawapima tena. Katika miaka 30, hakuna hata mmoja ambaye uwezo wake ulikuwa umeshuka kiasi cha zile siku 20 za kitanda mwaka 1966. Wiki tatu za kulala zilikuwa zimewazeesha kuliko miaka thelathini ya kuishi, kazi, ndoa, madeni na nyama choma.

Kisha wakapewa mazoezi ya taratibu, kutembea, kukimbia kidogo, baiskeli, miezi sita. Uwezo wao ukarudi pale ulipokuwa mwaka 1966 kabla ya kulazwa. Si pale walipofika baada ya yale mazoezi makali, hapana, hawakuwa tena na miaka ishirini. Na njia ilikuwa tofauti. Walipokuwa vijana moyo ulijifunza kusukuma zaidi. Kwenye miaka 50 ni misuli hasa iliyojifunza kunyonya oksijeni zaidi kutoka kwenye damu ile ile. Mwili uliozibiwa mlango mmoja ulitafuta mwingine.

Niliwaza baba mkubwa. Nilihesabu siku tangu atoke hospitali. Zilikuwa 16.

Jumamosi nikaenda Tabata. Sikuwa na ujasiri, na niwe mkweli, nilikuwa na woga wa aina nyingine: je, akitembea kwa maneno yangu akaanguka? Nitamtazama nani kwenye familia hii? Wale wa Dallas walikuwa wazima, baba mkubwa moyo wake una kovu bichi. Kwa hiyo sikwenda na ushauri wangu. Kwanza nilipiga simu hospitali, daktari yule yule akarudia maagizo yale yale, dakika tano, mpaka getini, dalili za kusimama. Akashangaa sana kusikia mzee bado yuko kitandani.

Nikakaa jikoni na mama mkubwa, yeye anachambua mchele, nikamsimulia. Sikumwambia amekosea. Nilimsimulia Herrick, White na mioyo yake 72, nikamwambia, "Mama, ulichofundishwa kilikuwa kwenye vitabu, na waliokiandika ndio walioanza kukibadilisha." Akaendelea kuchambua. Nikamsimulia kiti cha Levine, akacheka kidogo, akasema kiti kweli kinasaidia, hata wodini waliwahi kuona wagonjwa wakihema vizuri wakikaa. Nikamsimulia vijana watano. Hapo akaacha mchele.

"Siku ishirini tu?"

"Siku ishirini."

"Na walipotoka, mapigo yalikuwa juu hata wamekaa?"

Nikasema ndiyo. Akanyamaza, kisha akasema asubuhi ile alikuwa amemshika mzee mkono, kama mazoea yake, na mapigo yalikuwa juu kuliko siku waliyotoka hospitali. Alikuwa amedhani ni ugonjwa unarudi. Hakumwambia mtu, alikuwa akilia peke yake chooni. Huyu ndiye mwanamke niliyekuwa nimeanza kumwona mkaidi.

Tulimpigia daktari tena, akaagiza aletwe Jumatatu apimwe kwanza. Akapimwa, akaambiwa aanze. Raba zilikuwa ndani ya pipa la mchele, kwenye mfuko wa plastiki. Nilikuwa nimekaa karibu nalo muda wote ule.

Jana nimepita pale nikiwa natoka kazini. Nikawakuta barabarani, baba mkubwa ana raba zake na kikoi, anatembea kama mtu anayehesabu, na jirani mmoja anamshangaa kutoka dirishani. Walikuwa wamevuka geti, wanaelekea duka la kona. Mama mkubwa yuko pembeni yake, vidole viwili kwenye kiwiko cha mkono wa mzee, macho kwenye saa yake ya zamani ya uuguzi, ile inayobanwa kifuani. Nilipotaka kuwasalimia alinionyesha kidole ninyamaze. Alikuwa bado anahesabu.